Mwendesha Kikao Hana Maoni

Mpendwa Shangazi Huguette,

Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi za nje, ghorofa ya tatu, kwa sababu ndani siwezi kuandika, ndani yupo yeye anapanga vitabu vyake kwenye maboksi ya ndizi, na kila akijaza boksi ananiita nimsaidie kubandika selotepu, nami nabandika, tena nabandika vizuri kabisa, boksi halifunguki hata likiangushwa, ndivyo nilivyo mjinga. Majina nimeyabadilisha, ingawa mtaa wetu wa Hochelaga ni mdogo na hata paka wa mtaani watatutambua. Nisaidie Shangazi, na ukitaka kunitukana nitukane, mradi unijibu kabla ya tarehe mosi Julai, maana siku hiyo mikataba ya pango inaisha na Montreal nzima inahama na safari hii na sisi tumo.

Mimi naitwa Ghislain, nina miaka thelathini na sita, natengeneza baiskeli kwenye karakana ya ushirika isiyo na bosi, na nyumbani tunaishi watu wanne ambao pia hatuna bosi, yaani mimi, Marjolaine, Wilner na Coralie. Sisi ni waanakisti, watu tusiotaka mtu amtawale mtu, na nasikia wewe ujanani ulikuwa mwenzetu kwa hiyo sina haja ya kukueleza sana. Ila kuna wenzetu wanaopinga serikali barabarani mchana kutwa halafu wakirudi nyumbani wanamfokea mtu kwa sababu supu imepoa, na sisi tulisema hapana, hata kitandani pasiwe na serikali. Mimi na Marjolaine tunaingia mwaka wa saba na hatujawahi kuitana mume wala mke wala mchumba, hakuna anayemmiliki mwenzake, hakuna ulikuwa wapi na ulikuwa na nani, na hakuna upendo unaokaa kiti cha mbele huku mwingine umesukumwa nyuma, rafiki, mpenzi, jirani, wote kwetu ni sawa, na kila watu wawili wanapanga wenyewe namna watakavyopendana.

Na mimi, Shangazi, ndiye mwalimu wa hayo yote. Kila mwezi wa Mei natoa darasa liitwalo Mapenzi Bila Serikali, watu wanajaa mpaka wanakaa sakafuni, na kuna sentensi yangu moja wanaipenda kuliko zote: "Ombi la mpenzi ni amri iliyovaa nguo za heshima." Nikiitamka hiyo, chumba kizima kinainua mikono na kutikisa vidole hewani, maana sisi hatupigi makofi, kwetu kutikisa vidole ndiko kukubali. Sasa sentensi hiyo imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Ilikuwa hivi. Jumapili jioni ni kikao cha nyumba, na kila mtu ana zamu yake ya kukiendesha, na mwendesha kikao hana maoni, hiyo ndiyo desturi yetu, kazi yake ni kugawa nafasi za kusema na kuuliza kama kuna pingamizi, basi. Mtu mmoja tu akiinua ngumi, pendekezo limekufa hapo hapo hata kama wengine wote wanalitaka, na kwa sababu hiyo ngumi haiinuliwi ovyo ovyo, mara ya mwisho ilikuwa Coralie alipomkatalia Wilner kufuga nyuki kwenye roshani. Jumapili hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa jikoni namenya viazi, Marjolaine akanifuata.

"Ghislain, kwani leo lazima uendeshe wewe?"

"Zamu yangu."

"Najua ni zamu yako. Nasema hivi, Wilner hawezi kukushikia?"

"Wilner aliendesha Jumapili iliyopita. Tukianza kuvunja zamu, kesho tutajikuta tunachaguana rais."

Akanitazama. Akachukua kiazi nilichokwisha kumenya, akakimenya tena mpaka kikabaki kama gololi, akakitumbukiza kwenye maji.

"Haya, mheshimiwa," akasema, akatoka.

Kikao kikaanza, tukazungumza kwanza harufu ya kabichi yetu tunayoichachusha kwenye mitungi, kisha nywele za nani zile kwenye bafu, kisha Marjolaine akanyoosha kidole nami nikampa nafasi kwa ule utaratibu wetu wa siku zote.

"Nina pendekezo," akasema. "Yolande kajifungua. Yuko peke yake mbali kule Rimouski na mtoto hamwachi alale. Nataka nikamlee yule mtoto pamoja naye. Napendekeza nihame tarehe mosi Julai."

Yolande si mpenzi wake, Shangazi, laiti angekuwa mpenzi ningejua la kufanya, ningemeza wivu na kumpikia chakula kama ninavyofundisha. Yolande ni rafiki yake tangu shule ya vidudu, na waliahidiana wakiwa wasichana kwamba atakayezaa kwanza, mwenzake atakuja. Nani aliyesema urafiki si mdogo kuliko mapenzi? Mimi. Nani aliyesema mtu aweza kujenga nyumba na rafiki na kulea naye mtoto bila kuomba radhi kwa yeyote? Mimi, tena mwezi wa Mei uliopita, na Marjolaine alikuwa safu ya mbele akitikisa vidole.

Nikauliza kama kuna maswali. Wilner akauliza, "Na friji?" maana friji ile ya kijani ni ya Marjolaine, na Marjolaine akajibu, "Friji naondoka nayo," na meza nzima ikaingia huzuni ya kweli. Halafu nikauliza kama kuna pingamizi. Coralie alitazama sahani yake. Wilner alinitazama mimi. Marjolaine pia alinitazama mimi, hakutazama mahali pengine popote, na chini ya meza mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshajikunja ngumi wenyewe bila mimi kuutuma. Lakini mwendesha kikao hana maoni. "Hakuna pingamizi," nikasema, kwa ile sauti yangu ya darasani, na ili asidhani nina kinyongo nikainua mikono yote miwili nikatikisa vidole, nikatikisa kwa muda mrefu kuliko watu wote pale mezani. Marjolaine akasema, "Asanteni kwa kikao kizuri," akaenda chumbani kwake bila kula, na supu ya njegere alikuwa ameipika yeye.

Baadaye tukiosha vyombo Wilner akaniambia, "Kaka, nimehudhuria mazishi mengi, lakini sijawahi kumwona mtu anajizika mwenyewe halafu anauliza kama kuna swali."

Nikamwambia hiyo ni heshima kwa uhuru wa Marjolaine. Akasema, "Sawa. Nipe hilo sufuria kabla hujaliheshimu nalo."

Tangu hapo mambo yamezidi kuharibika kwa sababu ya wema wangu. Gari la kuhamia nimelitafuta mimi. Friji ya kijani nimejitolea kuibeba mimi, upande wa chini, kwenye ngazi hizi za chuma zinazojikunja kama mkia wa nguruwe. Nimejaribu kumwambia kwa kuzunguka, Jumapili iliyofuata nikaleta ajenda iitwayo athari za kuhama juu ya ari ya kabichi, nikaeleza kwamba kabichi ikizoea mikono ya mtu hubadilika ladha anapoondoka.

"Kabichi imekwambia ina huzuni?" Marjolaine akauliza.

"Kidogo."

"Basi iambie kabichi ije iseme yenyewe."

Nikamjibu nitaifikishia ujumbe. Coralie akaondoka mezani.

Ukweli ni huu, Shangazi, na sijamwambia mtu. Nampenda mpaka naumwa. Yeye ni mwokaji, anatoka alfajiri, na nikiamka nakuta taulo lina harufu ya unga nalishika tu, mtu mzima mimi, nimeshika taulo. Nataka abaki, na kama habaki nataka anichukue. Lakini nikiomba nitakuwa nimemtawala, atabaki kwa huruma au atanichukua kwa huruma, na kule kuna mtoto mchanga na mama asiyelala, mimi ni nani hata niingize haja zangu pale kati? Na nisipoomba nitabakia na mitungi ya kabichi na jikoni pasipo na friji. Je, nivunje kanuni, au nivunjike mimi?

Ni mimi,
Mikono Hewani, Hochelaga


Wewe Mikono Hewani,

Hebu ishushe kwanza, damu irudi kichwani.

Pole. Hiyo pole ni ya taulo, kwa sababu mtu akifika mahali pa kushika taulo asubuhi ana maumivu ya kweli, na siwezi kucheka. Kwa hayo mengine nimecheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Mganga hajigangi, nalijua hilo, lakini wewe umezidi. Umefukuza serikali kitandani, ukafunga mlango, kisha ukaenda kuketi peke yako ukajifanya waziri, polisi na mlinzi wa gereza, na mfungwa ni wewe huyo huyo. Hakuna mtu aliyekukataza kusema, si Marjolaine, si Wilner, si huyo mtoto wa Rimouski ambaye hata jina lako halijui. Umejikataza mwenyewe halafu ukaita uhuru.

Umesikia kweli, ujanani nilikuwa mwenzenu. Niliishi kwenye shamba la pamoja huko Estrie, watu kumi na kitu na ng'ombe mmoja. Tulikubaliana kwamba hakuna wa kumwamuru mwenzake amkamue, kila mtu ni huru kumkamua atakapojisikia. Jioni moja ng'ombe analia, kiwele kimevimba kama puto, na sisi tumekaa ndani tunasubiri mmoja ajisikie. Mwishowe mke wa mkulima jirani akaruka uzio na ndoo yake, akamkamua, akatuuliza, "Kwani mlishindwa kuombana?" Tulishindwa, mwanangu. Tulikuwa tumechanganya kuomba na kuamuru, kama wewe, na aliyeumia ni ng'ombe.

Amri ni ile isiyokubali hapana. Ombi ni lile ambalo ukijibiwa hapana unasema sawa, unalia, kisha unaenda kuosha vyombo. Hiyo sentensi yako inayotikisiwa vidole ni ya mtu ambaye hajawahi kunyimwa kitu akakubali, na nakushauri uizike kabla ya Mei ijayo. Unaogopa kumwomba Marjolaine kwa sababu eti atakuonea huruma. Yaani umemuuliza swali kichwani mwako, ukamjibia, ukalikataa jibu, na yeye wakati huo yuko chumba cha pili anatafuta selotepu. Nani sasa kamwamulia mwenzake? Na kama unadhani hawezi kukuambia hapana, mwanamke aliyesema kabichi ije iseme yenyewe, basi miaka yote hii umeishi na mtu usiyemjua.

Sasa naomba uisome barua yako mwenyewe, maana umeiandika kwa mkono na hukuiona kwa macho. Kwa hizo kanuni zenu, mtu akitaka kuhama anaomba ruhusa kwa nani? Hana wa kumwomba. Anakunywa supu yake, anasema nahama, mnamkumbatia, basi. Marjolaine anazijua hizo kanuni kuliko wewe, alikuwa safu ya mbele. Mbona basi hakusema nahama? Mbona alileta pendekezo, kwenye meza ambayo ngumi moja tu inatosha kuliua pendekezo? Na kabla ya hapo alikufuata jikoni, mkiwa wawili tu, akakuomba umwachie Wilner zamu. Ulifikiri anamhurumia Wilner? Alikuwa anakutoa kwenye kiti kile ili angalau jioni moja uwe na mdomo. Ukamjibu habari za rais. Akakimenya kiazi mpaka kikawa gololi, na bado hukuelewa. Akaliweka jambo mezani, akakutazama wewe peke yako, akangoja. Nawe ukampa vidole kumi, vyote vinacheza.

Sijaongea naye, na sijifanyi nasoma nyota. Huenda nimekosea, huenda alitaka tu kuwaaga kwa adabu na kuwaandaa kwa msiba wa friji. Lakini mtu anayeaga tu hula supu yake.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, kabla boksi jingine halijafungwa. Usingoje Jumapili, na usilete ajenda. Usingoje tarehe mosi pia. Mimi nimezaliwa mji huu na nimeona kila Julai watu wakiposana na kuachana kati ya ghorofa ya tatu na ya pili wakiwa na jiko mabegani, na hakuna hata neno moja lililosemwa chini ya mzigo linalohesabika wakishafika chini. Mwite hapo hapo ulipokaa kuniandikia. Mikono itie mifukoni, yote miwili, maana hiyo ndiyo iliyokuponza.

Mwambie ulimdanganya kwa vidole. Mwambie unampenda na unaumwa, na habari ya taulo mwambie pia, usione haya, mficha maradhi kifo humuumbua. Usimwombe abaki. Kuomba si dhambi, lakini ahadi ya wasichana wawili imefika wakati wake na kuna mama kule hajalala, na mwanamke anayetimiza ahadi kama hiyo ndiye huyo huyo unayempenda, ukimzuia utakuwa umejipunguzia wa kumpenda. Mwombe muende wote. Baiskeli zinaharibika Rimouski kama zinavyoharibika Hochelaga, kwa upepo wa ule mto mkubwa wa kule nadhani zinaharibika zaidi. Na nyumba ni ya Yolande, kwa hiyo Marjolaine akikubali, mpigie na Yolande umwombe yeye mwenyewe, kwa heshima, na akikukaribisha nenda na nepi. Ole wako uende na darasa.

Ukishasema, nyamaza. Usiulize kama kuna maswali. Usimwambie, kama mnavyosema vikaoni, "nasikia unachosema ni kwamba." Usimpe nafasi ya kuzungumza, kwa sababu si yako kumpa, anayo tangu alipozaliwa. Wewe kaa tu kwenye ngazi, uogope kama watu wengine wote wanavyoogopa wakimwambia mtu wanampenda.

Akisema hapana, utalia, na tarehe mosi utakula piza na kunywa bia kando ya barabara pamoja na wote waliokuja kubeba, halafu utakwenda kumtembelea vuli kama rafiki. Ulifundisha kwamba rafiki hakai kiti cha nyuma. Hapo ndipo utajua kama uliamini au ulikuwa unapenda tu kutikisiwa vidole.

Akisema ndiyo, kabichi mwachie Wilner, amelipia kwa uvumilivu.

Friji utaibeba vyovyote vile, mwanangu, ulijitolea mwenyewe na upande wa chini ni wako. Swali lililobaki ni moja tu, kama ukishaipakia utashuka kwenye lile gari, au utabaki humo.

Shangazi Huguette